Nataka kuwatoa watoto English medium niwapeleke Kayumba (shule ya serikali), mliopitia naombeni uzoefu

Mzee wa Pembezoni:
Habari zenu wakuu. Naenda moja kwa moja maana kichwa kimejaa. Nina watoto wawili, wa kike yuko darasa la tano na mdogo wake wa kiume yuko la pili, wote wako English medium moja huku huku pembezoni mwa Dar. Mwanzo mambo yalikua yanaenda vizuri tu, ada na basi la shule nalipa kwa wakati, mpaka kazini walipotupunguza mwaka jana. Sasa hivi nabangaiza, mama yao ana genge, hela ya kula haikosekani ila ada imekua vita, kila muhula watoto wanarudishwa getini na basi la shule nalo linawapita hapo hapo nyumbani wamesimama na mabegi. Inauma sana wakuu, yani sana.

Tumekaa na mke wangu tukaona tuwapeleke shule ya msingi ya serikali, ipo jirani kabisa, hata kwa mguu wanafika. Shida ni maneno ya watu. Shemeji anasema nawaua watoto kielimu, jirani anasema darasa moja wako mia na hamsini na wengine wanakaa chini. Mi mwenyewe nilisoma serikali lakini enzi hizo, siwezi kulinganisha.

Ninachotaka kujua, huyu mkubwa anayesoma kila kitu kwa kingereza ataweza kweli kubadilika darasa la tano? Hii elimu bila ada ni bure kweli au kuna michango ya chini kwa chini? Viboko vipoje siku hizi? Alafu akifika sekondari si anarudi tena kwenye kingereza, sasa hapo inakuaje? Wenye kejeli naomba mpite kimya kimya, niko siriasi.

Kidume cha Gongo:
Sisi wote tumetoka huko huko mkuu na humu tunakoment. Nakaa siti ya dirishani nisubiri wenye uzoefu.

Mama Wawili TZ:
Kaka pole, mi nilipita hapo hapo ulipo, tofauti wangu nilimhamisha akiwa darasa la nne na sikua na mtu wa kumuuliza. Ntakwambia yale ambayo shemeji yako hayajui na jirani yako anayatia chumvi.

Kwanza muhula wa kwanza jiandae kuona mtoto anashuka, tena anashuka haswa. Wangu alikua wa tatu kule akaja akawa wa sitini na kitu huku, nikalia, baba yake akataka tumrudishe. Kumbe mtoto anajua, anachokosa ni maneno. Hesabu yule alikua anajua kutafuta LCM vizuri kabisa lakini kwenye mtihani wameandika tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, ndio LCM hiyo hiyo), yeye anaangalia tu. Mzingo hajui ni nini, kipenyo hajui, mpaka mwalimu akimwambia ndio "aaah hiyo naijua". Sayansi ndio usiseme. Nikawa kila jioni tunakaa na vitabu viwili, cha zamani cha kingereza na cha Kiswahili, tunasoma sura ile ile kwa vyote viwili. Vitabu vya Kiswahili vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unasoma kwenye simu, usikimbilie kununua vile vya barabarani vingine vina makosa mpaka aibu. Kufika mtihani wa kufunga mwaka alikua ameshakaa sawa.

Michango ipo kaka, usidanganyike. Kwetu kuna hela ya uji, hela ya mlinzi, hela ya mitihani ya majaribio kila mwezi, na masomo ya ziada jumamosi ambayo wanasema ni hiari ila mtoto asipoenda anaona kabisa wenzie wamefundishwa kitu yeye hayupo. Alafu kuna vile vidogo vidogo, ufagio wa chelewa, ndoo, rimu ya karatasi. Ukijumlisha yote kwa mwaka mzima haifiki hata ile niliyokua nalipa basi la shule peke yake, hapo ada sijagusa.

Kilichonisumbua mimi zaidi sio darasani, ni choo. Watoto wengi, matundu machache, foleni mapumziko yote, wangu akawa habanduki kwenye foleni au anajizuia mpaka nyumbani akaanza kuumwa tumbo. Ukienda kuangalia shule usiangalie tu madarasa mapya yenye vigae, zunguka nyuma ukaone vyoo na uulize maji yanatoka au hayatoki. Mtoto wa kike wa darasa la tano hilo ni jambo kubwa kuliko hata idadi darasani, wa kike mwenzangu atanielewa.

Na kingine, atajifunza lugha za mtaani, hilo halizuiliki, wiki ya pili tu alinijibu neno mpaka nikatafuta fimbo. Lakini pia alijifunza kufua soksi zake na kupanda daladala bila kushikwa mkono.

Injinia Mstaafu:
Mi napingana kidogo na dada hapo juu. Huyo wa la pili hamisha hata kesho. Wa la tano usimguse, kopa, uza kiwanja, fanya unavyojua amalize kule.

Sababu yangu ni moja tu, sekondari. Huku msingi kila kitu Kiswahili, januari anaingia form one anakutana na Biology, Physics, Chemistry, Geography, karibu vyote kingereza. Kuna zile wiki chache za mwanzo za kuwafundisha kingereza cha kuanzia, hazitoshi hata kidogo. Mimi nilitoka Kayumba, form one tulikua tunakariri notisi bila kujua tunakariri nini, mwalimu anaandika ubao mzima sisi tunanakili mpaka alama za mkato, akiuliza swali darasa lote linaangalia chini. Wengi tulipotelea hapo, sio kwamba walikua wajinga. Sasa wewe unataka kumtoa mtoto ambaye tayari anaelewa somo kwa kingereza umpeleke akasahau, alafu baada ya miaka miwili mitatu arudi tena kwenye kingereza. Hesabu hiyo kwangu haitoki.

Kama ada ya pale imewashinda kabisa, jaribu zile English medium za serikali zenyewe. Zipo, kwa Dar kuna Olympio na Diamond pale Upanga, Arusha ipo Arusha School. Tatizo wanaozitaka ni wengi na kwa wewe wa pembezoni usafiri wa mtoto kila siku mpaka Upanga ni adhabu, ila angalau ulizia.

Mama Wawili TZ:
Injinia uza kiwanja kwa ajili ya darasa la tano?? Alafu form one atasomea wapi na kiwanja hakuna? Tuwe tunaangalia na mfuko wa mtu bwana.

Chaki na Daftari:
Mi ni mwalimu, niko shule ya msingi ya serikali mjini, siisemi wapi maana mkate wangu uko huko. Nimesoma maoni yote naomba nieleze kidogo mtu aelewe shule inavyoendeshwa, ndio utajua kwanini michango haiishi.

Tangu januari 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa. Badala yake serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, kwa shule ya msingi ni elfu kumi kwa mwanafunzi kwa MWAKA, na katika hiyo elfu nne inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayotufikia shuleni ni kama elfu sita. Shule yenye watoto elfu moja hapo ni milioni sita kwa mwaka, laki tano kwa mwezi, humo humo chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, kitasa kimevunjika, mpira wa michezo. Hesabu mwenyewe. Ndio maana kikao cha wazazi kikikaa ajenda ya kwanza ni mlinzi na ya pili ni uji. Ila kisheria hiyo michango ni ya makubaliano ya wazazi na lazima ipate kibali, na mtoto HARUHUSIWI kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Akirudishwa wewe nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole, ikishindikana afisa elimu kata yupo kwa ajili hiyo. Usianze na kelele kwenye grupu la wasapu la wazazi, haisaidii kitu zaidi ya kumfanya mtoto wako ajulikane kwa ubaya.

Idadi. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mimi la tatu nina zaidi ya mara mbili ya hapo, na hiyo ni baada ya kugawa mikondo na kuingia kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Nikitoa zoezi la maswali kumi nasahihisha mpaka giza, kwa hiyo ntakua mkweli, kuna siku natoa maswali matatu. Mtoto anayekaa nyuma akinyamaza mwezi mzima naweza nisijue kwamba haelewi, sio kwa ubaya, macho hayafiki. Madarasa yameongezeka kweli, yale ya hela ya UVIKO (mkopo wa korona) mwaka 2021 yalikua elfu kumi na tano nchi nzima lakini mengi yalikwenda sekondari, msingi tulianza kupumua kidogo na BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi. Walimu ndio bado. Kwetu kuna vijana wenye digrii zao wanajitolea, wanalipwa posho ya nauli kutoka kwenye hiyo hiyo michango mnayoilalamikia.

Viboko. Kanuni ya mwaka 2002 inasema visizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike labda asiwepo kabisa. Hiyo ndio kanuni. Kinachotokea unakijua na wewe ulisoma. Kuna walimu wamebadilika, kuna ambao bila fimbo hawajui kuingia darasani, tena wengine ni wazuri sana kufundisha hisabati. Mwambie mwalimu wa darasa siku ya kwanza kabisa kwamba mtoto akikosea nipigie simu mimi. Wazazi wanaofanya hivyo tunawajua na hao watoto tunawaangalia kwa jicho lingine, huo ndio ukweli hata kama haupendezi.

Kuhusu huyo wa darasa la tano, nimeshapokea wengi kutoka English medium. Wanaozama ni wale wazazi walioona wameshatua mzigo, wanamleta getini ndio basi mpaka matokeo. Wa la pili yeye ni rahisi, la kwanza na la pili zaidi ni kusoma kuandika na kuhesabu. Ila mpime kwanza kama anasoma Kiswahili, usishangae anasoma "school" vizuri lakini "ng'ombe" inampiga chenga.

Zao la Kata:
Naomba na mimi niliyekaa upande wa dawati niseme kidogo, nyie wote wazazi na walimu.

Nimesoma msingi ya serikali Singida vijijini huko, sekondari nikaenda shule ya kata, advance nikapangiwa bweni mkoa mwingine, sasa hivi niko chuo mwaka wa pili kwa mkopo wa bodi. Aliyoyasema Injinia kuhusu form one ni kweli tupu, mi nakumbuka mwalimu wa Biology aliingia akaongea dakika arobaini, akatoka, tukaulizana alikua anasema nini hakuna aliyejua. Physics hatukua na mwalimu karibu mwaka mzima, tulikua tunafundishwa na kaka mmoja aliyemaliza form six anasubiri chuo, na huyo kaka ndio alinifanya nipende sayansi, alikua anaeleza kwa Kiswahili kwanza mpaka tunacheka alafu ndio anaandika kingereza ubaoni.

Ila Injinia kuna kitu umeruka. Kwenye darasa letu walikuwepo watatu waliotoka English medium, wazazi wao walishindwa kuendelea kama mkuu hapo juu. Form one wale walikua miungu watu, mwalimu akiuliza wanajibu wao, sisi tunawaangalia midomo. Kufika mtihani wa form two tulikua tumeshakutana, mmoja wao tukawa tunamzidi kabisa maana alijua kuongea tu, kusoma hapendi. Kwa hiyo mtoto wa mkuu akihama la tano hiyo lugha haiyeyuki yote, na form one itamsaidia kuliko sisi, mradi asiache kusoma. Mkuu mtafutie vitabu vya hadithi vya kingereza, hata vya mtumba vipo vingi tu, na muongee nae kingereza hata cha kuungaunga, asione aibu. Mimi ningepata hicho nikiwa darasa la tano saa hizi ningekua mbali.

Alafu jamani njaa. Mnaongelea lugha na vyoo lakini sisi tulikua tunatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri tumbo tupu mpaka saa nane mchana. Kipindi cha mwisho kikiwa hesabu huoni ubao, unaona ugali. Mkuu, hiyo hela ya uji anayoitaja mwalimu uitoe hata kama vingine hutoi.

Injinia Mstaafu:
Dogo umeongea vizuri, hapo kwa kusoma mwenyewe nakubali. Ila watatu kwenye darasa moja sio kipimo, na wewe ni miongoni mwa waliovuka, waliozama hawapo humu kuandika.

Zao la Kata:
Hilo nalo neno mzee. Tulianza mikondo minne form one, form four tulifanya mtihani mikondo miwili, na hata hiyo haikujaa.

Mzee wa Pembezoni:
Wakuu nimesoma yote na mke wangu nimemsomea kwa sauti, kwenye choo amesema huyo dada ana akili sana. Kesho kutwa anaenda mwenyewe kuzunguka.

Nimeelewa kwamba huyu mdogo haina shida. Kwa mkubwa bado tunavutana, mama yake anataka wote wahame pamoja, hataki mmoja aonekane anapendwa zaidi, na mimi naona ana hoja maana dogo ameshaanza kuuliza "mimi nimekosa nini". Alafu kuna jambo sikuliandika mwanzo, kule shule tunadaiwa muhula mzima na nusu. Mwalimu, je watatoa uhamisho? Na hii ya darasa la sita na la saba inakuaje maana naona mitaala imebadilika, tusije tukahamisha kipindi kibaya.

Chaki na Daftari:
Deni ndio mtihani wako mkubwa kuliko KDS. Uhamisho unaanzia kule alipo sasa, mwalimu mkuu wao ndio anauanzisha kwenye mfumo, mtoto ana namba yake ya PREM (mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi) inamfuata popote anapokwenda, huku kwetu tunapokea tukiona nafasi ipo na halmashauri ikapitisha. Shule nyingi za binafsi zinakaa na uhamisho mpaka deni liishe. Usikimbie na usimlete mtoto kimya kimya ukidhani namba itajiweka yenyewe, utakuja kuhangaika kipindi cha kusajili mtihani. Nenda na mke wako, mkaandikishiane nao mtalipa kidogo kidogo kila mwezi, wengi wanakubali maana nao wanajua mtoto akikaa nyumbani hawapati kitu. Na ripoti zake zote za nyuma zichukue siku hiyo hiyo.

Kuhusu darasa la sita na la saba, mtaala ni ule ule uwe binafsi uwe serikali, kwa hiyo kuhama hakubadilishi. Walioanza la tatu 2024 ndio kundi la kwanza kumaliza msingi kwa miaka sita, wanamaliza 2027 pamoja na la saba wa mwisho, madarasa mawili yanaingia form one januari 2028. Angalia mkubwa wako yuko kundi gani. Kama yumo kwenye hayo mawili ukweli ni kwamba foleni ya form one itakua ndefu. Kipindi kizuri ni kuhama mwanzo wa mwaka, kibaya ni pale usajili wa mtihani wa taifa umeshafungwa, hapo hatupokei hata uje na barua ya nani.

Mama Wawili TZ:
Na huyo mdogo anayeuliza amekosa nini, mpeleke siku moja mapumziko akaone watoto wanavyocheza. Wangu mdogo alikua analia kwenda, alipoona uwanja ulivyo mkubwa na mihogo ya kukaanga nje ya geti siku ya pili aliamka kabla yangu.

Kidume cha Gongo:
Mihogo na pilipili ya maji, dada umenikumbusha mbali. Mkuu ukishaenda rudi utupe mrejesho, tusije tukakuta uzi umekufa kama nyuzi nyingine.

Mzee wa Pembezoni:
Ntarudi. Kesho asubuhi tunaanza na kule kwenye deni, huku kwa mwalimu mkuu wa serikali tukapite ijumaa. Swali dogo la mwisho, sare ninunue kabisa? Kariakoo naona seti iko bei nzuri.

Chaki na Daftari:
Subiri kwanza nafasi ithibitishwe. Shati jeupe na bluu ya chini ni shule nyingi ila sweta kila shule ina rangi yake, na wengine soksi pia. Viatu vyeusi alivyonavyo vinatosha.